Pwani Isiyopwa

Karatasi ilikaa juu ya meza ya chakula, katika nyumba moja mjini Leicester, tangu Januari hadi Machi. Binti aliandika juu yake majina matano ya fukwe za visiwa vya Ugiriki, na kila alipopata nafasi baada ya kazi aliketi, akatazama picha katika kompyuta, akasoma, akarudi kwenye karatasi na kalamu mkononi. Mama yake, mwenye umri wa miaka 68, alipita na bakuli la uji, akaitupia jicho karatasi ile, wala hakusema kitu. Alikuwa ametoa sharti moja tu la kukubali safari: apate maji ambayo mtu mwenye magoti mabovu ataweza kuyaingia kwa miguu yake mwenyewe, na kutoka bila ya kubebwa.

Sharti hilo lilionekana dogo, lakini ndilo lililoyaangusha majina. Navagio, katika kisiwa cha Zakynthos, lilikuwa la kwanza. Ni ufukwe mweupe uliozingirwa na majabali, na katikati yake umelala mzoga wa meli iliyokwama hapo mwaka 1980. Haufikiki kwa barabara, na mwaka 2018 kipande cha jabali kiliporomoka na kuwajeruhi watu. Myrtos, huko Kefalonia, ukafuata: kokoto tupu, na sakafu ya bahari inayodidimia hatua chache tu kutoka ukingoni. Sarakiniko wa Milos ni mwamba mweupe wa volkano, wa kutazamwa hata macho yachoke, lakini anayetaka maji sharti ashuke mwambani au aruke. Perissa wa Santorini una mchanga mweusi unaounguza nyayo adhuhuri. Elafonisi, kusini-magharibi mwa Krete, una maji ya magotini na mchanga wenye wekundu wa kombe zilizosagika. Ila njia ya kutoka mji wa Chania hupinda milimani kwa muda wa saa moja na nusu hivi, na mama hastahimili gari lipindalo.

Jioni moja mama alivuta kiti, akaketi.

"Upepo wa huko unatoka wapi, mwanangu?"

Binti hakujua. Picha hazina upepo. Alitafuta, akasoma kwamba katika Julai na Agosti Bahari ya Aegean hupigwa na upepo mkavu wa kaskazini uitwao meltemi, ambao huweza kuvuma siku kadhaa mfululizo chini ya mbingu isiyo na wingu, hata vyombo vikazuiliwa bandarini. Mama alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa habari za jirani. Alizaliwa Jambiani, Unguja, ambako mwaka wenyewe hugawanywa na kaskazi na kusi.

"Basi tafuta upande wa demani," alisema. "Joshini utakuta povu tu."

Kwa maneno mawili ya wapiga tanga, ramani nzima ikageuka. Fukwe zinazotazama kaskazini zikaondoka kwa mkupuo mmoja, hata zile ambazo picha zake zilikuwa nzuri kuliko zote. Ikabaki Naxos, kisiwa ambacho upande wake wa magharibi una mchanga mrefu unaoteremka taratibu. Na ukabaki mwanzo wa Septemba, wakati upepo unapoanza kulegea na maji bado yana joto la kiangazi.

Lakini karatasi ile ilikuwa na sharti jingine, ambalo binti hakuliandika. Mama huingia baharini na nguo zake: gauni refu, suruali chini yake, mtandio kichwani. Ndivyo alivyoingia utotoni, na ndivyo alivyoingia alipofanya kazi ya mwani, kilimo kilichoanza katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, wanawake wameinama majini wakifunga miche kwenye kamba. Binti alikumbuka kiangazi cha mwaka 2016, wakati mameya wa miji kadhaa ya pwani ya Ufaransa walipopiga marufuku vazi la kuogelea la kujistiri, mpaka mahakama ya juu ya utawala ya nchi hiyo ikaingilia kati. Ugiriki si Ufaransa. Hata hivyo alitafuta ufukwe usio na watu. Alijiambia kwamba anamlinda mama yake asikodolewe macho. Ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Alikuwa akijilinda na yeye, asionekane ameushika mkono ule.

Kwa hiyo siku ya kwanza walikodi gari, wakaenda Alyko, kusini mwa kisiwa, ambako vijighuba vidogo vimejificha nyuma ya miti. Palikuwa kimya kama alivyotaka. Njia ya kushukia ilikuwa ya mawe na mchanga mlegevu. Mama alishuka hatua nne, akasimama, akarudi. Alikaa kwenye kiti cha gari, mlango wazi, akiyatazama maji kwa mbali.

"Pazuri," alisema. "Lakini hapa umemtafutia nani?"

Binti hakujibu, na mama hakurudia swali.

Asubuhi ya pili mama ndiye aliyechagua. Alitoka chumbani na mkoba wake, akauliza kwa ishara njia ya baharini, akaelekea Agios Georgios, ufukwe unaopakana na mji wenyewe, ambao binti alikuwa ameuacha kwa sababu ya wingi wa watu. Maji yake ni mafupi. Mtu hutembea mbali kabla ya kufika kiunoni. Nyuma ilipangwa miavuli ya kukodisha, lakini karibu na maji palikuwa wazi. Nafasi ile ina historia yake: mwaka 2023 wakazi wa Paros, kisiwa jirani, waliandamana na mataulo yao kudai mahali pa kuyatandika, na mwaka uliofuata sheria mpya ikaagiza vitanda vya kukodisha viwekwe angalau mita 4 kutoka majini. Katika mita hizo mama alitandika kanga.

Majini walisimama wanawake watano au sita wa makamo yake, maji ya kifuani, kofia pana vichwani. Hawakuogelea. Walizungumza, mmoja akieleza na wengine wakiitikia, kama watu waliokutana barazani.

"Wanasema nini?" mama aliuliza.

"Sijui, mama. Kigiriki."

"Wanasema magoti," alisema mama, akaingia.

Aliingia na gauni lake, taratibu, mikono imetandazwa juu ya maji. Kijana mmoja aligeuka kumtazama, kisha akarejea kwenye simu yake. Mmoja wa wale wenye kofia alisogea kidogo, kama asogeavyo mtu kwenye mkeka. Binti alibaki mchangani akilinda mikoba ambayo hakuna aliyeitaka.

Saa tano ikapita, saa sita ikapita. Mama alitoka, akaketi kwenye kanga, akautazama ukingo wa maji kwa muda mrefu.

"Mbona hayapwi?"

Binti alimweleza kwamba katika bahari ile kujaa na kupwa ni kwa sentimita chache tu. Jambiani maji hurudi nyuma mpaka mtu akatembea kwa miguu kuuelekea mwamba wa nje, na kazi yote ya mwani hupangwa kwa mwezi. Neno pwani lenyewe limebeba kupwa ndani yake. Mama aliyasikiliza yote hayo, ambayo aliyajua kabla ya binti kuzaliwa.

"Maskini," alisema, akiitazama bahari. "Haina pa kwenda."

Kisha akanyoosha mkono ili ainuliwe, maana alitaka kurudi majini. Binti aliushika. Walipofika maji ya kiunoni mama hakuuachia, na wale wanawake wakawafungulia nafasi ya watu wawili.