Frigo ya boti: kabla ya kununua batri nyingine

Wasikilizaji wetu wa Kalemie na wa kando ya ziwa, leo ninaandika juu ya frigo iliyojengwa ndani ya boti, ile inayobeba samaki kutoka upande wa Moba. Mama wengi waliokimbia vijiji vyao wanaishi kwa kuuza mikebuka na kuhe wanaopitia humo, na wengine wanawachukua kwa deni. Samaki wakifika wamelegea, bei inaanguka, lakini deni linabaki palepale.

Nilipanda boti moja ili nijionee. Kapiteni alitaka kununua batri ya pili na kuongeza bei ya mizigo. Mama mmoja akamwambia: "Papa kapiteni, hiyo batri tutailipa sisi. Uangalie kwanza baridi inapotorokea." Fundi wa frigo tuliyekuwa naye alimuunga mkono. Nami, baada ya kuona, niko upande wa mama.

Frigo kazi yake ni kutoa joto ndani na kulitupa nje. Joto likiingia haraka, mashine inafanya kazi bila kupumzika na batri inaisha usiku. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzuia joto lisiingie.

Tuanze na kuta. Katikati ya mbao mbili kunawekwa frigoliti, ile nyeupe nyepesi inayokuja na televisheni mpya. Ukiongeza unene wake kutoka sentimita 5 hadi 10, joto linalopita ukutani linapungua karibu nusu. Ukuta ulio karibu na motere ndio unahitaji unene zaidi. Na frigoliti iliyolowa maji haizuii joto vizuri: itolewe, ukuta ukaushwe, na viungo vizibwe.

Mfuniko unapimwa kwa karatasi. Weka karatasi kwenye ukingo, funga, halafu vuta. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mfuniko umechoka. Chini kuna tundu la kutoa maji. Hewa ya baridi ni nzito, inashuka na kutokea hapo. Tundu liwe na kizibo, kinachofunguliwa wakati wa kumwaga maji tu.

Kisha mashine yenyewe. Ule wavu wa mabomba madogo nje ya sanduku ndio unatupa joto. Katika boti ile ulikuwa umefunikwa na magunia ya mihogo. Mashine inahitaji tundu la chini la kuingiza hewa na tundu la juu la kutoa hewa ya moto. Barafu ikiganda ndani kwenye bamba la baridi, nayo inazuia baridi kufika kwa samaki. Zima mashine, iache iyeyuke. Usiikwangue kwa kisu, utatoboa bomba na gesi itatoka. Na waya mwembamba na mrefu kutoka kwenye batri ya volti 12 unapoteza nguvu njiani. Uwe mnene, na mfupi kadiri inavyowezekana.

Mwisho ni desturi yetu. Samaki aliyekaa juani akiingizwa akiwa na joto, anawapasha wenzake. Apozwe kwanza kwa barafu. Kilo 1 ya barafu, ikiyeyuka tu, inachukua joto sawa na lile la kupasha kilo 1 ya maji kutoka digrii 0 hadi 80. Ndiyo maana chupa za maji zilizogandishwa bandarini, kabla ya safari, zinasaidia sana. Wauzaji wapange samaki kwa zamu moja, ili mfuniko usifunguliwe kila dakika.

Fundi alihesabu kazi hizi na kuona zinagharimu kidogo kuliko batri. Siyo kwamba batri haina maana. Ikiwa sanduku limefungwa vizuri na bado nguvu haitoshi, basi inunuliwe. Lakini mama aliyepoteza shamba lake asilipishwe umeme unaotorokea kwenye mfuniko mbovu.

Kwa familia zilizo kwenye kambi, zisizo na frigo, kanuni ni ileile: beseni ndani ya beseni, pumba za mpunga katikati, kifuniko kizito, mahali penye kivuli. Na ninyi mama wauzaji, kabla hamjalipa mzigo, ombeni karatasi moja mupime mfuniko. Kapiteni mwema hatakasirika.