Adhabu Iliyokuwa Ruhusa

Filamu za kung fu za Hong Kong aghalabu husifiwa kwa kuwafunza vijana utiifu. Mwanafunzi huinama mbele ya mwalimu, humtilia chai, humnyamazia anapokaripiwa, na mwalimu akiuawa hulipiza kisasi. Sifa hiyo ni kweli, ila si kweli yote. Mimi niliyefunzwa utungaji wa mashairi na mzee mkali huzitazama kwa jicho jengine, na moja kati yao imenishughulisha kuliko vitabu kadhaa vya maadili.

Hiyo ni The 36th Chamber of Shaolin, iliyotolewa na Shaw Brothers mwaka 1978, Gordon Liu akiigiza San Te. Mwongozaji wake, Lau Kar-leung, alirithi sanaa yenyewe kabla ya kuipeleka kwenye sinema: baba yake alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, naye Lam alifunzwa na Wong Fei-hung, bingwa na mganga mashuhuri wa Guangdong. Sisi tungeiita silsila.

San Te anakimbilia hekaluni akiwa na majeraha na kiu ya kisasi dhidi ya utawala wa Wamanchu. Watawa wanampa ufagio. Hatimaye anapoulizwa aanzie chumba gani kati ya 35, kwa papara anachagua cha juu kabisa, na anatupwa nje. Anarudishwa chini, avuke maji kwa kukanyaga magogo yanayoelea ndipo apate kula. Halafu abebe ndoo za maji huku mikono imenyooka na visu vimefungwa chini yake, akiilegeza vimdunge mbavu. Kwa muda mrefu filamu haina adui. Ina maji, ndoo, kengele na uchovu. Nayajua hayo. Mzee wangu alinihesabisha mizani kwa vidole kwa miezi kabla hajaniruhusu kutunga ubeti mmoja, na kina kilichopwaya kilinirudisha mwanzo pasi na maelezo.

Watazamaji wengi huishia hapo, kwenye subira. Lakini San Te, baada ya kuvifuzu vyumba vyote, anaomba cha 36, cha kuwafunza watu wa kawaida walioko nje. Ombi hilo linakwenda kinyume na desturi ya hekalu. Hatoroki usiku wala haibi siri. Anaomba mbele ya wakubwa, kwa adabu, wala haliondoi ombi lake. Mkuu wa hekalu anamwadhibu: atoke, akaombe sadaka kwa watu. Adhabu ndiyo ruhusa. Sheria imebaki wima na mlango umefunguka. Katika sinema za aina hii sijaona busara iliyopita hiyo.

Mfano wa upande wa pili ni Fist of Fury ya 1972, ambamo Bruce Lee ni Chen Zhen, mwanafunzi anayemlipizia kisasi mwalimu wake, Huo Yuanjia. Naipenda, na kila nikiitazama nywele hunisimama. Hata hivyo, uaminifu wake hauna kituo: skuli yake inavamiwa, wenzake wanauawa, naye anaishia kurukia midomo ya bunduki. Hakuna aliyebaki akifunzwa naye.

Mzee wangu alipokaribia kufariki aliniusia kwamba elimu ile isipewe mtu asiyekaa jamvini. Miswada yake ninayo, kwa hati za Kiarabu. Vijana hunijia wakiwa na simu mkononi na mashairi ya kuimbwa. Vina vyao hulegalega, ila masikio yao ni mazuri, pengine kuliko yangu. Baadhi ya watunzi wenzangu husema kuwafungulia hao ni kumvunjia marehemu heshima, na si watu wa kupuuzwa, maana nao walikesha wakihesabu. San Te alikuwa na mkuu aliye hai wa kumhukumu. Wa kunihukumu mimi, anitoe nje nikaombe sadaka, yuko kaburini.

Mwezi uliopita nilinunua jamvi jipya nikalitandika barazani. Jumamosi huja vijana watatu. Simu huziweka juu ya kizingiti, wakavua viatu, wakakaa. Miswada bado iko kabatini. Kwanza tunahesabu kwa vidole.