Msasa hauna nakala ya jana

Nimekuwa kimya wiki mbili, na leo sina programu ya kuwaonyesha. Nilikuwa nakwangua rangi ya mashua ya rimoti aliyoniachia marehemu kaka yangu.

Thina sikuithubutu. Bodi yake ni plastiki ya ABS, na thina kali huiyeyusha. Nikatumia msasa wa maji, namba 320 halafu 600. Kwa nyuma kaka alikuwa ameandika jina lake kwa kalamu nene ya wino. Kazini nikifuta faili kimakosa, narudisha nakala ya jana. Msasa hauna nakala ya jana. Nikalifunika jina kwa utepe wa karatasi, nikapaka praima, kisha rangi ya buluu, tabaka tatu nyepesi.

Ikabaki klia, ile ya kung'arisha na kukinga rangi. Utepe nikaubandua. Klia ikipulizwa nzito, kiyeyusho chake hutawanya wino. Kwa hivyo nilipuliza nyepesi kama umande, nikangoja ikauke, nikarudia mara nne. Herufi ya mwisho ilitawanyika kidogo. Nimeiacha hivyo.

Jumapili mashua inarudi majini. Haya, tuonane wiki ijayo.