Subira na Siku 45

Wazee wetu walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza yasema, subira huvuta heri. Ya pili yasema, ngojangoja huumiza matumbo. Katika miaka mingi ya kuwaandaa walimu tumesikia ya kwanza ikitajwa mara nyingi kuliko ya pili, hasa mbele ya mtu aliyeonewa kazini. Huambiwa atulie, ampe mkubwa wake nafasi ya kufikiri, asije akaonekana mgomvi. Mashauri hayo hutolewa kwa nia njema. Lakini liko jambo moja ambalo washauri husahau kumwambia: wakati yeye ametulia, siku zinahesabiwa.

Twapenda kulitafakari jambo hilo pamoja nanyi kwa kutazama sheria ya nchi ya mbali, Marekani. Tumeichagua kwa sababu huko hesabu ya siku imeandikwa wazi, na kwa sababu inamhusu mtu ambaye wengi wetu twamdhania kuwa salama kuliko wafanyakazi wote, yaani mtumishi wa serikali. Na katika watumishi hao twamtazama yule mwenye ulemavu.

Mwaka 1973 Marekani ilipata sheria iliyokusudia kuwarudishia watu wenye ulemavu nafasi yao kazini na katika jamii. Kwa kifungu chake cha 501, serikali kuu yakatazwa kumbagua mtumishi wake, au anayeomba kazi kwake, kwa sababu ya ulemavu. Tena yatakiwa kumrekebishia kazi kadiri ya hali yake: kiziwi apewe mkalimani wa lugha ya alama, anayetumia kiti cha magurudumu apate meza anayoifikia, mgonjwa apangiwe saa zinazolingana na matibabu yake, mradi marekebisho hayo yasiiletee ofisi mzigo uliopita kiasi. Haki hiyo ni kubwa. Mlango wa kuidai, hata hivyo, ni mwembamba, na haukai wazi siku nyingi.

Mtumishi anayeona amebaguliwa haanzii mahakamani. Yampasa kwanza kumfikia mshauri wa mambo ya usawa aliyewekwa na ofisi yake, naye amepewa siku 45. Siku hizo huhesabiwa tangu tendo analolilalamikia. Na kama ni hatua ya ajira, kwa mfano kufukuzwa, huhesabiwa tangu siku hatua hiyo ilipoanza kutumika. Ni siku za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Aliyenyimwa haki yake tarehe 1 Machi, siku yake ya 45 ni tarehe 15 Aprili.

Safari haiishii hapo. Kwa kawaida mshauri ana siku 30 za kutafuta mapatano, na zaweza kuongezwa hadi 90 pande zote mbili zikikubali. Mapatano yasipopatikana, mtumishi hupewa barua ya kumjulisha kwamba aweza sasa kuandika malalamiko rasmi. Tangu aipokee barua hiyo ana siku 15 tu. Ofisi nayo ina siku 180 za kuyachunguza malalamiko hayo. Uchunguzi ukiisha, mtumishi ana siku 30 za kuomba asikilizwe na mwamuzi wa Tume ya Usawa wa Nafasi za Kazi. Uamuzi wa mwisho ukitoka, ana siku 30 za kukata rufaa mbele ya Tume, au siku 90 za kwenda mahakamani.

Tutazame kidogo tarakimu hizi. Mfanyakazi wa kampuni binafsi katika nchi hiyohiyo ana siku 180 za kupeleka mashtaka yake ya kubaguliwa. Na mahali penye taasisi ya jimbo inayosimamia sheria kama hiyo, ana siku 300. Mtumishi wa serikali kuu ana 45. Ndiye, basi, anayetakiwa kwenda mbio kuliko wenzake.

Ni haki tuseme pia kwa nini mipaka ya namna hii iliwekwa. Kumbukumbu ya mwanadamu hufifia. Shahidi huhamishwa, karatasi hupotea, mkubwa wa ofisi hustaafu. Kosa linalotajwa mapema laweza kurekebishwa kabla halijaharibu maisha ya mtu, na anayeshtakiwa naye ana haki ya kutoishi miaka na miaka chini ya tuhuma isiyosemwa. Hatuwezi kuidharau hekima hiyo. Mwalimu asiyeweka siku ya mwisho ya kupokea kazi za wanafunzi wake hatakuwa na siku ya kuzisahihisha.

Lakini hesabu ileile haina uzito uleule kwa watu wote. Mtu aliyenyimwa kiti kinachomfaa mgongo wake, au aliyeandikiwa kwamba afya yake haimruhusu tena kushika kazi yake, hana budi kuyabeba mambo mengi kwa siku hizo hizo 45. Ana maumivu yake, na ana cheti cha daktari cha kutafuta. Ana hofu ya kumkasirisha mkubwa ambaye kesho atahitaji ruhusa yake. Zaidi ya hayo ana tumaini, kwa maana mkubwa amemwambia, "Nitalitazama jambo lako." Mara nyingi tumaini hilo ndilo linalommalizia siku zake.

Sheria yajua kwamba mwanadamu aweza kuzuiwa, na imeacha nafasi ya huruma. Siku 45 huongezwa mtumishi akionyesha kwamba hakujulishwa muda huo wala hakuufahamu kwa njia nyingine. Au kwamba hakujua, wala hakuwa na sababu ya kujua, kuwa ametendewa kwa ubaguzi. Au kwamba alijitahidi ipasavyo lakini akazuiwa na mambo yaliyo nje ya uwezo wake. Nafasi hiyo yenyewe ina masharti magumu. Kila ofisi hutakiwa kubandika tangazo la muda huo, na penye tangazo ukutani ni vigumu mtu kusema hakujua. Tume haimngojei mtu akusanye ushahidi wote: akiwa na sababu ya kutosha ya kushuku ubaguzi, siku zimekwisha kuanza. Na kuhusu ugonjwa, Tume imeshikilia kwamba haitoshi mtu kuwa mgonjwa. Ni lazima hali yake iwe ilimdhoofisha hata asiweze kabisa kutimiza muda. Kwa hiyo ulemavu uliomfanya aonewe, peke yake, haumwongezei hata siku moja.

Tutoe mfano mmoja ulio katika kumbukumbu za mahakama. Mwezi wa Aprili 1986 bwana mmoja, Shirley Irwin, alifukuzwa kazi katika idara ya serikali inayowahudumia askari wa zamani. Alilalamika kwamba sababu ilikuwa rangi yake na ulemavu wa mwili wake. Idara iliyakataa malalamiko, na Tume ikaikubalia idara kwa barua ya tarehe 19 Machi 1987. Wakati huo muda wa kwenda mahakamani ulikuwa siku 30 tangu kuipokea barua. Nakala ya wakili ilifika ofisini kwake tarehe 23 Machi, naye wakili alikuwa nje ya nchi. Irwin alisema kwamba nakala yake mwenyewe aliipata tarehe 7 Aprili. Mashtaka yalipelekwa mahakamani tarehe 6 Mei.

Ukihesabu tangu siku Irwin aliyosema ameipata barua, ni siku ya 29, na mlango ungali wazi. Ukihesabu tangu barua ilipofika kwa wakili, ni siku ya 44, na mlango umefungwa. Shauri lilifika hadi Mahakama ya Juu, na mwezi wa Desemba 1990 mahakama hiyo ilisema kwamba barua iliyofika ofisini kwa wakili imemfikia mteja wake. Ilisema pia neno jema: kwamba hata pale serikali inaposhtakiwa, waamuzi waweza kuongeza muda kwa ajili ya haki, kama wafanyavyo katika mashauri ya watu binafsi. Lakini uzembe wa kawaida, ikasema, si sababu ya kutosha. Irwin akashindwa. Swali alilotaka lijibiwe, kama kweli alionewa kwa rangi na ulemavu wake, mahakama hiyo haikuligusa. Mwaka uliofuata, 1991, sheria ilibadilishwa na siku 30 zikawa 90. Na tangu mwaka 1992 muda wa kumfikia mshauri nao, uliokuwa siku 30, umekuwa 45. Kama siku 90 zingekuwapo mwaka 1987, barua ile isingemfungia Irwin mlango.

Sasa twarudi kwenye zile methali mbili. Katika mafundisho yetu twasisitiza kwamba ndugu akikukosea, uanze kuzungumza naye. Twaamini hivyo hata leo. Lakini Tume imerudia mara nyingi kwamba mazungumzo na mkubwa, rufaa za ndani ya ofisi, au malalamiko yaliyopitishwa kwa chama cha wafanyakazi, havisimamishi zile siku 45. Mfano ulio karibu na kazi yetu ni wa mwalimu mmoja kutoka Liberia, Columbus Ricks, aliyefundisha katika chuo cha jimbo la Delaware. Mashtaka yake yalihusu taifa alikotoka, si ulemavu, na muda wake haukuwa ule wa siku 45. Mwaka 1974 alinyimwa ajira ya kudumu, akakata rufaa ndani ya chuo, huku akiendelea kufundisha kwa mkataba wa mwaka mmoja wa mwisho. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ilisema kwamba siku zake zilianza alipojulishwa uamuzi, si siku alipotoka darasani kwa mara ya mwisho, na kwamba rufaa yake ya ndani haikuzisimamisha. Alikuwa amechelewa.

Je, tuache basi kufundisha subira? La. Twaona kwamba subira ya kweli haikatazi kuandika. Mtu aweza kuzungumza na mkubwa wake kwa upole asubuhi, na mchana akamfikia mshauri ili haki yake isipotee. Hilo si usaliti wala ukosefu wa upendo. Mkubwa mwenye nia njema hapotezi kitu. Na yule anayengoja siku zipite amenyang'anywa silaha yake.

Sheria hiyohiyo ya 1973 yatupa kielelezo. Kifungu chake kingine, cha 504, kiliwakataza wote wanaopokea fedha za serikali kuu kuwabagua watu wenye ulemavu. Lakini kanuni za kukitekeleza zilikawia miaka. Mwezi wa Aprili 1977 watu wenye ulemavu, Judith Heumann akiwa miongoni mwa viongozi wao, waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco, wakakaa humo zaidi ya wiki tatu. Kanuni zilitiwa sahihi tarehe 28 Aprili. Hao walikuwa na subira kuliko wengi wetu, maana walilala sakafuni bila vifaa walivyovizoea, lakini hawakunyamaza. Nasi twajiuliza: serikali iliyochukua miaka zaidi ya mitatu kutia sahihi haikufungiwa mlango na mtu. Mtumishi wake akichelewa siku moja, aweza kufungiwa. Mwenye nguvu aweza kukawia, mnyonge hawezi.

Ndugu vijana, wengi wenu hamtaajiriwa na serikali ya Marekani. Lakini kila mmoja wenu atakaa siku moja karibu na mtu aliyeonewa: kaka, jirani, mama wa rafiki. Atawaeleza habari yake, nanyi mtatafuta neno la kumfariji. Mfarijini, kisha mwulizeni: ulijulishwa lini? Barua iko wapi? Ina tarehe gani, na bahasha yake ina muhuri wa siku gani? Nani apokeaye malalamiko ya namna hii, na muda wake ni siku ngapi? Asiyeona asomewe barua yake siku hiyo hiyo inapofika. Asiyeweza kutembea asindikizwe, au karatasi yake ipelekwe na mwingine, na nakala ibaki nyumbani.

Swali la tarehe laweza kuonekana baridi mbele ya machozi. Lakini machozi yatamngojea mwenye kuyafuta kesho na keshokutwa, na tarehe haitamngojea. Anayemhesabia mwenziwe siku amemsaidia kubeba sehemu ya mzigo ambayo yeye, katika uchungu wake, hakuwa na mkono wa kuishikia.