Kuvuta na Kuzuia

Mara nyingi walimu wenzetu huandika katika kurasa hizi habari za kazi zilizofanikiwa. Leo sisi twaomba nafasi tueleze kazi iliyotushinda, tena iliyotushinda kwa kosa letu wenyewe. Twaandika kwa ajili ya ndugu zetu wa ziwani na wa milimani, maana siku hizi pikapu ni nyingi vijijini, na watu huzifunga nyuma kila namna ya mzigo bila kujiuliza swali moja ambalo twataka kuliuliza hapa.

Kijiji chetu kiko ufukoni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Tanzania. Vipo vijiji jirani ambavyo motokaa haivifikii wakati wa masika, na mama akishikwa na uchungu usiku hupelekwa hospitali kwa mtumbwi wa kasia, mawimbi yakiruhusu. Kwa sababu hiyo Wakristo wa kanisa letu walichanga fedha kwa miaka mitatu. Wasio na fedha walitoa usipa mkavu au mihogo ikauzwa. Mwisho wakapata kununua mashua ya fibaglasi iliyokwisha kutumika, urefu wake mita sita, pamoja na injini yake. Sisi tuliwekwa kuwa katibu wa kamati, kwa kuwa ndisi tufundishao hesabu shuleni. Neno hilo la hesabu twaomba mlikumbuke.

Mashua ililetwa toka Dar es Salaam juu ya lori hata Mbinga, na hapo mapatano yetu na mwenye lori yakaisha. Toka Mbinga hata Mbamba Bay ni mwendo wa kilometa zaidi ya 60. Njia ni ya lami, lakini yatoka juu katika milima ya Umatengo na kushuka hata ziwani, ambako ni mita 470 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Mzee mmoja wa kanisa, mwenye pikapu ndogo, akajitolea kuivuta mashua bila malipo ila petroli. Fundi wa kuchomelea akatutengenezea tela la magurudumu mawili. Alituuliza, "Mwalimu, mwataka tela lenye breki zake?" Tukauliza bei. Tulipoisikia tukasema, "Gari lina breki, zatosha."

Siku ya safari tulikuta mashua imekwisha kupandishwa juu ya tela. Kwa kuwa ilikuwa tupu, tuliona ni hasara kuiacha iende hivyo hivyo. Tukapakia ndani yake mifuko minne ya saruji ya kanisa, madumu mawili ya petroli, nanga na kamba. Vyote tuliviweka nyuma, karibu na injini, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Yule mzee alizunguka tela pole pole. Kisha akainama, akaishika pua ya tela kwa mikono miwili, akaiinua bila taabu.

Akasema, "Mwalimu, pua hii ni nyepesi mno. Mzigo umekaa nyuma. Tushushe saruji, nitaifuata kesho kutwa."

Tukamjibu, "Mzee, petroli ya safari ya pili itatoka wapi? Na kesho ni Jumapili. Mchungaji atakuja kuibariki mashua, watu wamealikwa. Gari lako halina nguvu?"

Akasema, "Gari laweza kuvuta, Mwalimu. Sikusema laweza kuzuia."

Sisi tukamwambia, "Twende kwa imani, Mzee." Naye, kwa heshima aliyo nayo kwa mwalimu, akanyamaza. Twaona haya kuandika kwamba tulilitaja jina la imani ili kuificha haraka yetu.

Walikuwapo pia watoto wawili wa Darasa la Sita, waliokuja nasi kusaidia kazi. Wakaomba wapande ndani ya mashua ili washikilie mizigo isicheze. Tukawapa ruhusa.

Mahali pa tambarare gari lilikwenda vizuri, nasi moyoni tulimcheka mzee kwa woga wake. Lakini mwendo ulipoongezeka, tela lilianza kupepea kulia na kushoto kama mkia wa mbwa. Sababu yake tumejifunza baadaye: mzigo ukizidi nyuma ya ekseli, hunyanyua pua ya tela, na tela lisilokandamiza gari kwa mbele halitulii. Mzee hakukanyaga breki wala hakupinda usukani kwa nguvu. Aliondoa mguu tu katika mafuta, akaushika usukani sawasawa, hata mwendo ukapungua na tela likatulia. Akasimama kando ya njia, akatutazama. Tukahamisha mifuko miwili ya saruji kuileta mbele, tukadhani tumekwisha kulipa deni lote. Watoto tuliwaacha walipokuwa.

Wajuao Umatengo wameyaona mashamba ya ngoro. Wamatengo hulima mitelemko mikali kwa kuchimba mashimo mengi yaliyopangwa kama masega ya nyuki, na matuta yakiyazunguka. Mvua ikinyesha, maji hukaa shimoni badala ya kukimbia bondeni na udongo. Wazee wale walijua tangu zamani kwamba penye mtelemko kazi kubwa ni kuzuia. Sisi tulipita katikati ya mashamba hayo siku ile, tukayasifu kwa uzuri wake, wala hatukuyaelewa.

Mtelemko ulipoanza, mzee alikanyaga breki, akaachia, akakanyaga tena. Baada ya kona kadhaa tukasikia harufu kama ya mpira uunguao. Breki hufanya kazi kwa msuguano, na msuguano huzaa moto. Moto ukizidi, nguvu ya breki hupotea wakati uleule iitakiwapo. Mzee alitafuta gia ndogo, lakini gari lilikuwa limekwisha kupata mwendo. Ndipo tulipolihisi tela mgongoni, likitusukuma kama ng'ombe aliyeshikwa na hofu mlangoni pa zizi. Upande wa kushoto palikuwa na bonde, upande wa kulia ukingo wa mlima. Mzee akasema neno moja tu, "Shikeni," akalielekeza gari katika mfereji wa upande wa mlima. Gari likakwaruza ukingo, likasimama. Tela likajipinda kando yake, mashua ikakatika kamba moja na kuegemea udongo. Mtoto mmoja alibaki ndani yake akilia kwa hofu. Wa pili alirushwa nje, akavunjika mkono wa kuume.

Mzee hakusema, "Nilikuambia." Alizima injini, akatia mawe chini ya magurudumu, kisha akavua shati lake akaufunga mkono wa mtoto kwa kipande cha ubao. Gari lililopita likatuchukua hospitali.

Jioni tulikwenda kwa mama wa mtoto. Tulimkuta ameketi na wanawake wenzake, habari zimekwisha kumfikia. Hakulia wala hakupaza sauti. Aliuliza, "Mwalimu, alipanda humo kwa ruhusa ya nani?"

Tukajibu, "Yangu, Mama."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Angechukuliwa na mtu mwingine, ningeuliza ataketi wapi. Kwa kuwa ni wewe, Mwalimu, sikuuliza."

Usiku ule hatukulala. Tukawasha taa, tukachukua kalamu, tukafanya hesabu ambayo ilitupasa kuifanya kabla ya safari. Mashua, kilo 600. Injini na betri, kilo 100. Tela, kilo 350. Saruji, petroli, nanga na kamba, kilo 250. Jumla kilo 1,300, bila kuwahesabu watoto. Pikapu yenyewe ilikuwa na kilo 1,400 hivi. Basi tulikuwa tumeiambia motokaa moja isimamishe mbili. Katika nchi za Ulaya, tela lisilo na breki zake haliruhusiwi kupita kilo 750 pamoja na mzigo wake. Tena kila mwanafunzi wetu wa sayansi aweza kufundishwa kwamba mwendo ukizidishwa mara mbili, kazi ya kusimamisha huwa mara nne. Haya yote yalikuwa ndani ya uwezo wetu kuyajua. Hatukushindwa na elimu, tulishindwa na Jumapili ya kesho.

Tulikumbuka pia habari ya wazee wa ziwa hili. Mwaka 1895 Askofu Chauncy Maples alikufa maji katika Ziwa Nyasa, na misheni ikajenga meli kwa jina lake. Iliundwa Glasgow mwaka 1899, ikafunguliwa vipande zaidi ya 3,000, ikaletwa huku. Bileri yake, yenye uzito wa tani 11 hivi, ilitiwa juu ya magurudumu ikavutwa nchi kavu na Wangoni wapatao 450. Walikwenda maili tatu hivi tu kwa siku. Meli ikashushwa majini mwaka 1901. Watu wale walikuwa na haja ya meli kuliko sisi tulivyokuwa na haja ya sherehe, lakini walikwenda kwa mwendo ambao mzigo uliukubali.

Kamati ilipokutana tuliungama kosa letu mbele ya wote, tukaomba kuondolewa. Mzee mwenye pikapu akasimama, akasema, "Mwalimu asiondolewe. Amekwisha kujua bei ya breki. Mkimweka mwingine, itambidi naye ainunue." Watu wakacheka kidogo, nasi tukabaki. Gharama za hospitali na za kulitengeneza gari tumezilipa kutoka katika mshahara wetu, kidogo kidogo.

Safari ya pili ilifanyika baada ya majuma matano, na twaieleza ili iwafae wengine. Kwanza, tela lilitiwa breki zake. Pili, mashua ilikwenda tupu; saruji na petroli viliachwa vije kwa safari nyingine. Tatu, mashua ilisogezwa mbele juu ya tela hata pua ikawa nzito, kama sehemu moja katika kumi ya uzito wote. Kwetu ilikuwa kama kilo 100, yaani mifuko miwili ya saruji, wala hapana mtu aliyeweza kuiinua kwa mzaha. Nne, minyororo miwili ilifungwa kwa kupishanishwa chini ya kiungo, ili kiungo kikifunguka pua ya tela isianguke njiani. Tano, mashua ilikazwa kwa mikanda mbele na nyuma, na haikupandwa na mtu yeyote. Sita, mzee alitia gia ndogo kileleni, kabla ya mtelemko kuanza, akaiacha injini izuie mwendo. Na mara tatu alisimama ili breki zipoe. Njia ile tuliyotaka kuimaliza kwa saa mbili ilituchukua karibu siku nzima.

Tulipofika ufukoni watu walitaka kulisukuma tela majini mara moja. Mzee akakataa. Akatuonyesha kwa kiganja jinsi vitovu vya magurudumu vilivyokuwa na moto. Alisema beringi zenye moto zikitiwa ghafula katika maji baridi huyanywa maji, grisi huharibika, na safari ifuatayo gurudumu hukwama. Tukangoja. Wakati wa kungoja mzee alichungulia chini ya mashua, akauliza, "Kizibo kiko wapi?" Kilikuwa mfukoni mwetu! Tusingalingoja, tungaliishusha mashua yenye tundu, nayo ingalijaa maji mbele ya mchungaji.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Siku ya kwanza mzigo ulikuwa wa mzee na wa watoto wale. Sisi tulikuwa tumeketi tu, ndiyo maana tuliuona mwepesi. Twadhani hivi ndivyo ilivyo kwa kila mtu aliyepewa kuongoza wengine, awe mwalimu, mzee wa kanisa au baba nyumbani. Wengi tuna nguvu ya kuanzisha jambo na kulivuta, na watu hutusifu kwa hiyo. Nguvu ya kulizuia linapoanza kutusukuma ni nyingine, wala haipatikani katikati ya mtelemko. Yapasa kutafutwa kabla, kwa hesabu, kama Bwana wetu alivyofundisha habari za mtu atakaye kujenga mnara.

Mashua sasa inafanya kazi. Mama wawili wamekwisha kupelekwa hospitali usiku, na wote wawili wamerudi na watoto wao. Yule kijana wetu amepona, ila mkono wake haunyooki sawasawa aandikapo ubaoni. Twauona kila siku.

Basi, ndugu msomaji, siku utakapofunga mzigo nyuma ya gari lako, au nyuma ya maisha yako, watu watakuuliza kama utaweza kuuvuta. Wewe jiulize kwanza kama utaweza kuuzuia. Na akiwapo mzee asemaye hapana, usimjibu kwa haraka.