Lifti ya Treni

Nimezaliwa Garissa, mji tambarare kiasi kwamba ukisimama juu ya gunia la mchele unaona hadi Dadaab. Natia chumvi, lakini si nyingi. Mteremko wa maana tulioujua utotoni ni ule wa kushuka mtoni Tana. Reli hatuna. Machi 2012, mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa Lamu, tuliambiwa treni itapita kwetu ikienda Isiolo. Abo akasema, "Haya, tutaingoja." Mpaka leo tunaingoja.

Kwa hiyo mapenzi yangu ya treni ni ya vitabuni. Nilipokuja Nairobi kusomea uhandisi, nilikuta picha moja ya zamani maktaba ikanikalisha chini. Mlima umeinama vibaya, na juu ya mlima huo behewa limekaa sawasawa kabisa, kama liko stesheni.

Ilikuwa hivi. Reli ya Uganda ilifika Nairobi 1899. Ukishapita Limuru, ardhi inakatika tu: ukingo wa Bonde la Ufa, mamia ya mita kwenda chini. Njia ya kudumu ilihitaji madaraja ya chuma, na madaraja yanataka muda. Basi wakatandika njia ya muda, iliyoshuka moja kwa moja hadi bondeni, ikaanza kazi 1900. Mabehewa yalifungwa kamba za chuma. Penye mteremko wa kadiri, behewa lililojaa likishuka lilivuta tupu lipande, kama ndoo mbili za kisima kimoja.

Lakini katikati mlima ulikuwa mkali mno, karibu mita moja chini kwa kila mita mbili za mbele. Hapo behewa lisingeweza kushuka kwa magurudumu yake. Wakaunda kigari chenye umbo la kabari: upande wa chini umelala na mlima, upande wa juu uko sawa kama meza. Behewa linapandishwa mezani, linafungwa, na kigari kinateremshwa polepole. Hata vichwa vya treni vilishushwa, kisha vikaendelea na kazi upande wa Nakuru. Yaani lifti, ila ya tani na tani. Mwaka 1901 madaraja yakawa tayari, na Desemba reli ikafika ziwani. Lifti haikuhitajika tena.

Nilidhani hiyo ni stori ya mtihani tu.

Mwaka jana Abo alianguka akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji Nairobi, akatoka hospitali kuja kukaa kwa dada yangu Eastleigh, ghorofa ya tano. Lifti ya jengo ipo. Tangu dada ahamie, mlinzi anasema itatengenezwa Jumatatu.

Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki, vijana wanne, mmoja kila mguu: mimi, jirani, muuza maji na mpita njia aliyetuonea huruma. Ngazi za kwanza sita tu, kiti kikainama, Abo akateleza, akapiga kelele. Sijawahi kumsikia Abo akipiga kelele. Huyu ni mzee aliyeng'olewa jino sokoni akaendelea kuuza. Akasema kwa Kisomali, taratibu, macho kafumba, "Nirudishe Garissa. Nikalale chini."

Tukamshusha. Nikasimama pale kama mjinga, halafu ile picha ikanijia. Nikawapanga upya: warefu wawili chini, wabebe miguu ya kiti mabegani, wafupi wawili juu, waishike chini usawa wa magoti. Tulimfunga na shuka la dada. Nikampa chupa ya maji, nusu imejaa, aiweke mapajani. "Wasee, tusimwangalie mzee. Tuangalie maji. Maji yakiinama, tunasimama."

Tulipanda hivyo. Kila ghorofa mlango ulifunguliwa, mtu akachungulia, na Abo akatoa salamu kwa sauti kamili, kama mgeni rasmi. Ghorofa ya nne muuza maji alianza kutetemeka mkono, tukapumzika karibu dakika kumi. Maji yalicheza mara mbili tu.

Usiku nilimsimulia Abo kisa cha kigari. Nilimweleza kuhusu kabari, kamba, kichwa cha treni kikiteremka mlimani kikiwa kimekaa sawa. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Na nani alikuwa anashika kamba?"

Nikasema zilikuwa mashine. Akanitazama tu. Nikajaribu tena: Wahindi zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli ile, na takriban 2,500 walikufa. Wahandisi wana majina kitabuni. Wale wengine wana idadi.

"Yule kijana wa maji," Abo akasema, "anaitwa nani?"

Sikujua. Nilikuwa nimempa mia mbili na asante.

Kliniki ni Jumatatu, saa mbili asubuhi. Kushuka ni kugumu kuliko kupanda, kwa sababu warefu watatangulia na hawataona ngazi. Leo jioni nimeenda pale kwenye mkokoteni wake kumuomba. Anaitwa Mutua. Amesema atakuja saa moja, na nisisahau chupa.