Kipushi: kipepeo wa mulimau na uyoga wa gogo

Kutoka Lubumbashi mpaka Kipushi ni kilomita 30 hivi. Wengi wanajua muji huu ju ya mugodi tu: kazi ilianza mu mwaka wa 1924, ikasimama mu 1993, zinki ikaanza kutoka tena mu 2024. Lakini mu lupango na mu pori kuko pia mambo ya kujifunza, zaidi wakati wa mvua.

Tuanze mu lupango. Pa majani ya mulimau kunakaa kadudu keusi na keupe, sawa mavi ya ndege. Ndege anakaona, anapita. Kakikomaa kanakuwa kijani; ukikagusa, kanatoa pembe mbili zenye harufu kali. Ni mutoto wa kipepeo mweusi na manjano, wataalamu wanamwita Papilio demodocus. Anakula majani, anajifunga pa kijiti, nyuma anatoka na mabawa. Hapo hatafuni tena: anafyonza maua, anataga mayai, anakufa.

Sasa twende mu pori. Pa gogo kunaota uyoga mudogo mweupe, umbo lake sawa kipepeo cha kupepea moto. Jina lake ni Schizophyllum commune. Jua likiwaka, unakauka na kujikunja. Mvua ikirudi, unafunguka na kumwaga mbegu ndogo kama vumbi. Wamama wanaupika muda murefu, ju ni mugumu. Lakini ule tunaochuma ni tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi zilizo ndani ya gogo, zinaozesha muti na kuurudisha mu udongo.

Mumoja anakula jani lenye uzima, mwengine muti wenye kufa. Kipepeo anageuka mara moja tu. Uyoga unakauka na kuamka mara nyingi. Lakini wanafanana mu jambo moja: tunasifu siku zao za mwisho, na kazi yote ilifanyika mahali tunapodharau.

Hapo ndipo kuna hatari. Pori la kuzunguka Lubumbashi limekatwa sana ju ya makala, na gogo linaingia mu tanuru mbele ya kuoza. Mu lupango, mutoto anaponda kadudu ju kanafanana na uchafu. Nyuma tunashangaa: uyoga umeenda wapi?

Vijana, mukilima shamba, acheni gogo moja ao mawili yaoze. Na kadudu mukikakuta pa muche mudogo, mukahamishe pa mulimau mukubwa. Huo una majani ya kutosha.